Ndugu Mara Saba

3 Machi

Mume wangu,

Mwalimu wa wasomaji ametugawia madaftari leo baada ya ibada. Amesema kila anayesoma neno kanisani aandike humo maneno yanayomtatiza, na kwamba yeye hatayakagua, kwa sababu amesahihisha madaftari ya watu miaka thelathini na nne na macho yake yamechoshwa na ujinga. Basi kama hakuna atakayesoma, nitakuandikia wewe.

Nilijiunga na wasomaji wiki mbili baada ya kukuzika. Nilitaka mahali pa kukaa siku za Jumamosi ambapo hakuna mtu anayenitazama usoni na kutikisa kichwa. Pale kila mtu anatazama kitabu.

Leo kaka yako alisimama wakati wa matangazo kuwashukuru watu kwa mara nyingine. Akasema, "Nilikuwa namwita marehemu mpaka dakika ya mwisho." Watu wakaguna kwa huruma. Sentensi hiyo aliisema makaburini mara tatu, akaisema nyumbani kwetu kwa kila kundi la wageni lililoingia, na leo tena. Haongezi neno wala hapunguzi. Mtu anayesimulia jambo lililompata husahau kidogo, hujirekebisha, huanza upya. Yeye anaisema kama mtoto aliyekariri shairi la shule.

Na kitu kingine. Anakuita "marehemu". Tangu kisima kikufunike sijamsikia akisema "mdogo wangu" hata mara moja. Nimeanza kuhesabu.

6 Machi

Mvua imeanza kweli. Mashuka hayakauki. Kwa dobi tunayapiga pasi yakiwa mabichi, na chumba kizima ni mvuke mtupu.

9 Machi

Darasani leo fundi cherehani kachekesha watu. Ni yule mama mwenye sauti kubwa ambaye alikushonea suruali ikawa na mguu mmoja mrefu, ukaivaa hivyohivyo miaka miwili ili asione haya. Alisoma kwa mbwembwe, akamaliza, akangoja asifiwe.

"Umekula mistari miwili," mwalimu akamwambia.

"Nimekula wapi tena, mwalimu? Nimesoma yote, na koo limenikauka!"

"Neno 'nyumba' liko hapa, na liko pale chini. Jicho lako limetoka nyumba hii likarukia nyumba ile. Waliokuwa katikati umewaacha nje, na mvua yote hii."

Tulicheka mpaka mwalimu akapiga meza. Kisha akatuambia jambo nililoliandika: neno likijirudia, hapo ndipo pa kupunguza mwendo. Aliyeandika hakukosa neno jingine. Anapigilia msumari. "Hesabuni nyundo," akasema. "Ukijua msumari umepigwa mara ngapi, utajua ubao gani alitaka usibanduke."

Tangu leo tunasoma na penseli mkononi, tunazungushia kila neno linalorudi.

Nilirudi nikitaka kukusimulia. Ungecheka kile kicheko chako cha kifuani, kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

15 Machi

Leo sijui nianze wapi.

Nilikuwa napiga pasi kola ya shati la mteja. Akaingia mama mmoja mnene, ana kikapu cha mapazia ya nyumba anakofanya kazi. Akanitazama muda mrefu.

"Dada, samahani. Wewe si mke wa yule wa kisimani?"

Nikamwambia ndimi.

"Pole sana. Mimi ndiye ninayefua pale uani. Siku zile za kwanza mumeo na kaka yake walinitoboa masikio! Yule wa juu: Upo? Yule wa chini: Nipo. Upo? Nipo. Asubuhi mpaka jioni. Nikasema moyoni, hawa watu hawana wimbo mwingine? Mungu anisamehe. Siku ile nilifurahi, maana palikuwa kimya. Kimya tangu asubuhi. Nimefua beseni tatu sijasikia hata 'upo' moja. Na sasa najiuliza, mbona kimya?"

Nilinusa kitu kinaungua. Ilikuwa ile kola.

Mume wangu, wewe ndiye uliyenifundisha desturi yenu. Mtu wa juu huita, mtu wa chini hujibu, kila ndoo inapopanda na kila inaposhuka. Asipojibiwa, anaacha kila kitu anavuta kamba. Ulisema kamba ni ya mwili na sauti ni ya roho. Tulipokuwa wachanga wa ndoa ulikuwa unaniita hivyo nikiwa bafuni, "Upo?", na nisipojibu unatishia kuvunja mlango, na mimi nacheka na sabuni machoni.

Hakukuita. Siku ambayo ardhi ilikuwa imelowa, siku ambayo sauti ilihitajika kuliko siku zote, kaka yako hakukuita. Halafu amesimama mbele ya kaburi lako akasema alikuita mpaka dakika ya mwisho.

Bosi amesema kola nitaishona mwenyewe. Nitaishona. Mikono yangu imetulia ajabu.

16 Machi

Sikumwambia mama. Amelala chumba cha pili, upande wa pili wa mbao, anakohoa. Ni mama yako na ni mama yake. Nimemkorogea uji, nimemfunika miguu.

24 Machi

Mchungaji ametangaza. Kaka yako atawekwa kuwa mzee wa kanisa Jumapili ya tarehe ishirini na sita Mei. Watu walipiga makofi. Jirani yangu wa benchi akaninong'oneza, "Angalau familia yenu imepata faraja." Nikamwambia asante.

Nilipotoka nilikwenda kwenye ubao wa masomo. Tarehe ishirini na sita Mei, somo la kwanza: ndugu wawili wa mwanzo wa dunia, mkulima na mchungaji wa kondoo, na yaliyotokea uwandani. Nililisoma mara mbili nikidhani mvua imeniingia machoni. Msomaji: fundi cherehani.

Mimi si mtu wa kulipiza, unajua. Wewe ulikuwa unanicheka kwa sababu nawatoa panya nje na ufagio badala ya kuwaua. Lakini pale kwenye ubao nilihisi kitu kinanyooka mgongoni mwangu.

30 Machi

"Shoga, tubadilishane zamu," nilimwambia fundi cherehani. "Nipe hiyo ya Mei, chukua yangu ya wiki ijayo."

"Yako ina majina magumu?"

"Haina hata moja. Ni zaburi fupi."

"Chukua! Tena nakuongezea na vifungo sita bure. Ile ya Mei ina nduguye, nduguye, nduguye, ulimi unateleza kama umekanyaga ganda la ndizi." Kisha akanishika mkono. "Lakini siku ile si ndiyo ya shemeji yako? Utaweza bila kulia?"

"Sitalia," nikasema. Na hiyo ni kweli kabisa.

2 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya kabati lako.

6 Aprili

Nimepeleka somo kwa mwalimu nikiwa nimelizungushia penseli. Nilimwambia neno linalorudi ni "ndugu", mara sita.

"Hesabu tena."

Nikahesabu mbele yake kwa kidole. Sita.

"Anza alipozaliwa," akasema. Na kweli, lipo pale juu kabisa. Mama yao anamzaa wa pili, na kabla hata ya kutajwa jina lake, ameshaitwa ndugu yake yule wa kwanza. Saba.

Mwalimu akaniuliza, "Msomaji alishajua hawa ni ndugu tangu mstari wa pili. Kwa nini aambiwe mara sita zaidi?"

"Ili asisahau."

"Nani asisahau?"

Nilikuwa najua nani.

8 Aprili

Mpango wangu ni huu. Nitasoma taratibu kama alivyotufundisha. Kila nikifika kwenye "ndugu" nitainua macho nimtazame yeye, benchi la mbele, ndani ya shati lake jeupe. Mara saba. Sitaongeza neno langu hata moja. Hakuna atakayeweza kunilaumu kwa kusoma kilichoandikwa. Lakini watu si wajinga. Mara ya tatu watageuza shingo. Mara ya tano watanong'ona. Mara ya saba hakuna atakayetaka aguswe kichwa na kuitwa mzee.

Baada ya ibada nitamsimamisha yule mama wa mapazia mlangoni. Amekubali kuja.

14 Aprili

Kaka yako kasema "marehemu" mara nne leo. Jumla kumi na tisa. "Mdogo wangu", hakuna.

19 Aprili

Kaka yako amekuja kuziba paa. Hakuna aliyemwita. Alipanda na bati begani na mvua inanyesha, akagongelea kwa saa nzima. Mama alisimama mlangoni akimwambia, "Shuka mwanangu, utateleza." Akajibu, "Namaliza, mama." Amekonda. Nyundo ilimponyoka mara mbili.

Aliposhuka akasema, "Shemeji, halitavuja tena."

Sikumpa chai. Nilikuwa nayo kwenye birika, ya moto. Nilimwangalia akiondoka amelowa mpaka mifupani, nikamimina kikombe changu, nikanywa.

Nakuambia wewe ujue mke wako amekuwa nani.

27 Aprili

Nimeligundua jambo lingine mwenyewe, bila mwalimu. Huyu mkubwa, Kaini, neno "ndugu" analitamka kwa kinywa chake mara moja tu. Zote nyingine ni za msimulizi au za Mungu. Na hiyo moja anaitamka ili kujivua: kwani mimi ni mlinzi wake? Basi. Tena baada ya ile ya saba neno hilo halirudi kabisa. Anapohukumiwa anaanza kulalamika, na maneno yote ni yake: adhabu yangu, umenifukuza, wataniona, wataniua. Mdogo wake kashatoka kwenye habari.

Na yule mdogo hasemi kitu. Tangu anazaliwa mpaka anakufa hana sentensi hata moja. Damu ndiyo inayosema, tena kutoka ardhini.

Nilipofika hapo kwenye ardhi iliyofungua kinywa, niliweka penseli chini. Nilikwenda nikakaa kwenye kabati, katikati ya nguo zako. Kwenye mfuko wa koti lako la kazi bado kuna udongo mkavu. Sijautoa.

5 Mei

Mafua. Sikwenda popote.

11 Mei

Mwalimu amenisikiliza nikifanya mazoezi. Nilipomaliza akavua miwani.

"Unasoma vizuri. Unasoma kama mtu anayerusha mawe."

"Mwalimu alisema tuhesabu nyundo."

"Nilisema mzihesabu. Sikusema mzishike." Akaifuta miwani kwa ncha ya blauzi. "Kuna hatari moja. Unainua macho kila neno linaporudi. Macho yakishuka, hayajui yashukie kwenye 'ndugu' ipi. Weka kidole."

Nikamwambia nitaweka kidole.

22 Mei

Leo umeletwa kwa dobi mfuko wenye shati jeupe. Kaka yako hakuja mwenyewe, kamtuma mkewe. Wifi akasema kwa aibu, "Ni la Jumapili. Amesema wewe ndiye unayeweza kola."

Pasi ilikuwa ya moto. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Ningeweza kuiacha mgongoni kwa hesabu ya kumi na kusema samahani.

Nililipiga pasi kuliko shati lolote nililowahi kupiga maishani. Kola imesimama. Mikono ina mstari mmoja, ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nataka awe msafi. Nataka aonekane vizuri hata kutoka benchi la mwisho.

25 Mei

Mvua mchana kutwa. Kesho.

26 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Kanisa lilijaa. Mama alikaa benchi la pili nyuma ya kaka yako, na wifi pembeni yake. Mama wa mapazia alisimama karibu na mlango na mwavuli wake unadondosha maji. Mvua ilikuwa ndogo, ya kusikika tu.

Nikapanda. Nikafungua. Niliweka kidole.

Ndugu ya kwanza, nikainua macho. Alikuwa ananitazama kama watu wanavyomtazama msomaji. Ya pili, pale mkubwa anapomsemesha mdogo, nikamtazama tena. Akatazama chini. Ya tatu ni pale anapomwinukia. Nililisema polepole, na niliona shingo za watu zikianza kugeuka, vilevile nilivyopanga. Fundi cherehani alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Ya nne ni swali la Mungu. "Yuko wapi ndugu yako?"

Nikainua macho, na hakuwa ananitazama. Alikuwa amegeuka amtazame mama. Na mama alikuwa anamtazama yeye, wala hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu anayengoja kuambiwa saa. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kidole changu kilikuwa kimetoka kwenye karatasi. Niliporudisha macho yalishukia palepale yalipotoka, na mimi nikasoma kilichokuwa chini ya macho.

"Yuko wapi ndugu yako?"

Nililisoma mara ya pili. Nakuapia, lilikuwa kosa. Ni lile kosa nililoonywa. Nilipojisikia, nikatafuta mstari, maandishi yote yakawa kama siafu. Hata wanaokohoa hawakukohoa.

Kaka yako akasimama.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayejibu aliyemuuliza njiani. "Sikumwita."

Mchungaji akafanya ishara ya mkono, kwamba aketi. Hakuiona.

"Niliwaambia nilikuwa namwita. Sikumwita. Tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi. Nikasema leo simwiti, akitaka kupanda atatikisa kamba. Nilikaa juu pale, nimemnyamazia. Aliniita yeye mara mbili, kwa sauti ndogo kutoka chini kabisa, akasema, 'Kaka, upo?' Sikujibu. Nilikuwa nimenuna." Akapitisha mkono usoni. "Mdogo wangu aliniita, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Mara ya tatu hakuita, kwa sababu ukuta ulikuwa umeshashuka."

Kisha akaketi. Ile kola yangu ilikuwa bado imesimama.

Nilikuwa nimengoja wakati huo siku sabini na mbili. Nilidhani nitahisi kama mtu aliyetua mzigo. Nilichohisi ni kwamba sasa nimekusikia ukiita. Mpaka leo nilikuwa najua kimya tu. Sasa nina sauti yako humu ndani yangu, "Kaka, upo?", kwa ile namna unavyolivuta neno la mwisho, na haitoki.

Mwalimu wa wasomaji alikuwa benchi la pembeni. Akasema kwa sauti ya darasani, "Maliza somo."

Zilikuwa zimebaki tatu. Nilizisoma na kidole, na macho yangu hayakuinuka tena. Kabla sijafika kwenye ile ya saba kidole kiliniponyoka mara mbili, kama nyundo ilivyomponyoka yeye juu ya paa.

Hakuwekwa kuwa mzee. Nilitaka hivyo na nimepata. Mama wa mapazia aliondoka bila kuulizwa kitu.

27 Mei

Nilikwenda kazini. Hakuna aliyenisemesha. Nilipiga pasi mashuka arobaini.

29 Mei

Kaka yako alikuja jioni kuongea na mama. Nilikuwa upande wangu wa mbao, na mbao hizi unazijua.

"Mlinuniana kwa sababu gani?" mama akamuuliza.

"Mambo ya kazi, mama."

"Mambo gani ya kazi?"

"Alikuja asubuhi na maneno. Mimi nikamjibu vibaya. Basi, ni ya kazi tu."

Mama hakuuliza tena. Nami nilikuwa nimekaa kitandani nimeshika ukingo wa godoro, maana yale maneno nayajua. Mume wangu, nimekuandikia miezi mitatu na jambo hili sijaliandika, kana kwamba ukiwa huko umelisahau. Asubuhi ile ulikuwa unafunga vifungo, ukianzia chini kwenda juu kama kawaida yako, na mimi nikasema, "Kila siku wewe ndiye wa chini na yeye ndiye wa juu. Wewe ni mwanamume au ndoo? Mwambie leo ashuke yeye. La sivyo kila mtu achimbe chake." Ulisema, "Nitamwambia." Nikasema, "Leo. Usirudi hujamwambia."

Usirudi. Neno hilo nililitumia mimi.

Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye ngazi ya mlango.

"Shemeji. Alikwambia maneno yale ni ya nani?"

Akatazama viatu vyake. "Alisema, 'Mke wangu anasema.'"

"Mbona kanisani hukulitaja hilo? Mbona ulikuwa unanisikiliza tu?"

"Yangu yananitosha, shemeji," akasema. Akaondoka.

Nilibaki pale nimekasirika mpaka meno yanauma. Nilikuwa na mtu wa kumchukia, mzima, asiye na doa la wema, na sasa ameniharibia. Ameliweka jina langu mfukoni miezi minne yote, hata nilipokuwa nampiga mawe kutoka mimbarini.

30 Mei

Nilimwambia mama. Sikuweza kula meza moja naye nikiwa na hilo kifuani. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, maneno aliyoondoka nayo asubuhi ile yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyewagombanisha."

Hakuacha kuchambua.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa macho. 'Wewe ni mwanamume au ndoo.'" Aliliiga hilo kwa sauti yangu hasa, na kwa nusu dakika ilikuwa kama anataka kucheka.

"Na kaka yake? Ulijua kwamba hakuita?"

"Alipoanza kusema 'nilimwita, nilimwita', nilijua. Nimemlea. Akiiba sukari alikuwa anasema mara kumi kwamba hajaiona."

"Mbona hukusema, mama? Mbona umetuacha hivi wote?"

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje kupitia mlangoni.

"Nilikuwa na watoto watatu nyumba hii. Mmoja mmeniulia kwa vinywa vyenu, mmoja kwa kusema na mwingine kwa kunyamaza. Nimebaki na wawili." Kisha akanitazama, na hapakuwa na upole wowote. "Nimtoe yupi?"

Akanisogezea upande wa sinia, tukachambua pamoja mpaka ukaisha.

9 Juni

Mvua imekatika tangu Alhamisi. Mashuka yanakauka kwa saa mbili.

Kaka yako anakaa benchi la mwisho sasa. Leo baada ya ibada alipita karibu nami akasema, "Shemeji," nami nikasema, "Shemeji." Sijamsamehe. Nakuambia wewe kwanza, kabla mchungaji hajaja kuniuliza. Nimejaribu mara mbili nikiwa peke yangu na neno halitoki. Sijisamehi mimi pia, kwa hiyo hapo nimetenda haki. Lakini amekuja jana kurekebisha mlango wa mama, na nilimpa chai. Ilikuwa ya moto, na sukari ya kutosha. Sijui hiyo inaitwaje.

Fundi cherehani ananikwepa. Mwalimu amenipa somo jingine, la mwezi wa Agosti, na hakusema lolote, isipokuwa ameniambia nihesabu.

Daftari limebaki ukurasa mmoja. Sitaujaza. Mume wangu, wewe hukuwa unasahau vitu, ulikuwa unajua hata kikombe gani kina ufa upande gani. Mimi mwenye maneno ya asubuhi ile ndiye huyohuyo aliyekuwa anacheka na sabuni machoni. Ukiniwaza huko uliko, usinichague nusu.

Nikumbuke.